Pigo zuri la gofu huanzia miguuni

Wazazi wengi hushika fimbo ya gofu Jumamosi baada ya siku tano za kukaa kwenye kiti. Hupiga kwa hasira, mpira ukatokomea kichakani, na Jumapili kiuno kinagoma hata kuinama kumfunga mtoto viatu.

Tatizo ni kudhani mpira hupigwa kwa mikono. Nguvu hutoka chini: miguu hukanyaga ardhi, nyonga hugeuka, kifua hufuata, mikono huja mwisho. Nyonga zikikakamaa kwa kukaa, mgongo wa chini hulazimika kujipinda kupita uwezo wake. Tiger Woods mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo mwaka 2017, kabla ya kushinda tena Masters mwaka 2019.

Anayetaka kupiga vizuri aanze taratibu. Dakika 10 za kutembea na kunyoosha nyonga, kisha fimbo fupi na nusu pigo. Fimbo ishikwe kwa wepesi, kama anayeshika kifaranga. Pigo likiisha, anayetumia mkono wa kulia asimame imara juu ya mguu wa kushoto, kifua kikitazama mpira unakokwenda. Akiyumba, ametumia nguvu mno.

Mtoto naye apewe fimbo ya kimo chake. Ya baba ni ndefu na nzito, humzoesha kupinda mgongo vibaya angali mdogo.

Maumivu yakishuka mguuni au ganzi ikiingia, fimbo iwekwe chini, daktari aonwe. Mashindano yatasubiri.