Vidonda vya Mbwa na Dawa za Nyumbani

Watu wengi hudhani ya kuwa mbwa hana haja ya kuuguzwa. Akipata vidonda hufukuzwa asikaribie mlango, au humwagiwa kitu chochote kikali kilichopo karibu, kisha huachwa apone au afe. Lakini mnyama huyo ndiye alindaye mahindi na kuku wetu usiku, na mchana hucheza na watoto wetu. Kwa hiyo ugonjwa wake haukai nje ya nyumba.

Huku kwetu dawa inayosifiwa kuliko zote ni oili chafu ya motokaa. Mzee mmoja, jirani yangu, alimpaka mbwa wake oili hiyo mwili mzima kwa ajili ya upele. Mbwa akajiramba, maana ndiyo desturi yake, akatapika, na siku ya tatu akafa. Mzee akaniambia kwa huzuni, "Mwanangu, hii ndiyo dawa aliyoitumia baba yangu." Sikuwa na neno la kumlaumu, kwani alitaka kumponya. Lakini oili hiyo ina sumu ipitayo katika ngozi na kinywani, nayo huharibu ini na mafigo. Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi, na dawa ya josho isiyopimwa yaweza kuua. Wazee husema dawa ya moto ni moto. Hata hivyo, kidonda hakiponi kwa kuunguzwa.

Jambo la kwanza ni kutafuta asili ya kidonda. Mbwa akijikuna mchana na usiku, na manyoya yakimtoka kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo, huenda ana upele. Huo huletwa na wadudu wadogo mno wachimbao ndani ya ngozi, nao waweza kuwawasha watu pia. Duara lisilo na manyoya laweza kuwa choa, nacho huambukiza watoto. Magonjwa haya yataka dawa ya daktari wa mifugo.

Bali kidonda kidogo, kama mkwaruzo wa seng'enge, chaweza kutunzwa nyumbani. Chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, uyaache yapoe. Punguza manyoya yaliyozunguka kidonda, ukioshe mara mbili kwa siku, ukikaushe kwa kitambaa safi. Asali safi kidogo juu yake husaidia, maana huzuia vijidudu visizaliane. Ili mbwa asijirambe, mvike shingoni ndoo kuukuu ya plastiki iliyokatwa kitako. Nawe nawa mikono kwa sabuni kila mara. Kidonda kisipopungua kwa siku tatu, au kikitoa usaha, au mbwa akikataa chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kidonda cha kuumwa na mbwa mwingine ni jambo jingine kabisa. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya mwaka 1912, na hata leo, dalili zake zikiisha kumtokea mtu, karibu hapana tumaini la kupona. Kwa hiyo usikiguse kidonda cha namna hiyo kwa mikono mitupu; mwite daktari wa mifugo upesi. Mtu akiumwa, au mate ya mbwa yakiingia katika mkwaruzo wake, na aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe. Na mbwa wako achanjwe kila mwaka.

Mbwa hawezi kutuambia ni wapi panapomuuma wala kwa nini. Basi, wenzangu, kabla ya kushika kopo la dawa, tumshike mbwa mwenyewe tumtazame vema.