Nyakanazi, Njia Panda Yenye Masikio Mapana

Ukitoka Dodoma kwa basi ukapita Singida, Nzega na Kahama kuelekea Rwanda au Burundi, hukosi kupita Nyakanazi. Hapo, katika wilaya ya Biharamulo, barabara ya Kigoma inachepuka kwenda Kakonko, Kibondo na Kasulu. Nyingine inasonga mbele hadi Lusahunga, kisha Benaco wilayani Ngara na mpakani Rusumo. Abiria wengi hupita wamelala. Wanakosa mji mdogo wenye uhai mkubwa.

Alfajiri malori ya masafa marefu yamejipanga kandokando ya lami, matandiboi wakigonga matairi kupima upepo. Mama lishe wanakoroga uji, maandazi yanaiva kwenye mafuta. Kuna asali kwenye chupa na mawese ya Kigoma kwenye madumu. Mteja anakaribishwa kwa Kiswahili, anaomba apunguziwe kwa Kisukuma, mzigo unapandishwa kwa Kiha, na dereva wa Bujumbura anaaga kwa Kirundi. Hakuna anayengoja sarufi ikamilike ndipo afungue kinywa.

Nayasema haya nikiwa mtu niliyejifunza lugha ukubwani. Nilisoma Japani kwa ufadhili wa serikali yao, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya lugha tu. Irabu zao tano ni zilezile zetu, hivyo kutamka hakukunisumbua sana. Kazi ilikuwa kwenye maandishi: herufi 46 za hiragana, nyingine 46 za katakana, halafu kanji, ambazo zile za matumizi ya kawaida pekee ni 2,136. Kila kanji ina mpangilio wa mistari yake. Ukianzia chini badala ya juu, mwalimu anakurudisha mwanzo. Niliipenda adabu yao: viatu huachwa mlangoni, mkubwa huzungumzwa naye kwa lugha ya heshima. Aliyelelewa kwa shikamoo haoni ugeni hapo.

Nyakanazi nilipanda Noah iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Dereva alipowasha gari, sauti ya mwanamke ikasema Kijapani.

“Kaka, huyu dada ananiambia nini kila siku?” aliniuliza.

Nikamjibu kwamba anamkumbusha hajaweka kadi ya kulipia barabara. Gari zima likacheka. Bibi mmoja kiti cha nyuma akataka afundishwe salamu ya asubuhi. “Ohayoo gozaimasu,” akarudia bila kusita, akamsalimia kondakta papo hapo. Darasani kwetu Japani, ujasiri huo ulituchukua miezi.

Wajapani wenyewe waliupata ujasiri huo huku kwetu. Mwaka 1965 Toshisada Nishida, kijana wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alifika Mahale, mkoani Kigoma, kuchunguza sokwe. Alijifunza Kiswahili, akafanya kazi na Watongwe walioujua msitu, na utafiti wake ulichangia Mahale kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Hadi leo Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili. Upande wa Ngara, daraja jipya la Rusumo lilijengwa kwa msaada wa Japani. Rais Magufuli na Rais Kagame walilizindua Aprili 2016. Barabara zote mbili zinazotoka Nyakanazi, basi, zina alama ya urafiki huo.

Msafiri, ukifika Nyakanazi shuka, kunywa chai, sikiliza watu. Nawe kijana wa Biharamulo, Ngara au Kibondo, usidhani Japani ni ya watoto wa mijini. Umekulia mahali ambapo kujifunza lugha ya jirani ni jambo la kila siku, na huo ni mtaji ambao wengi hawana. Ubalozi wa Japani Dar es Salaam hutangaza nafasi za ufadhili kila mwaka. Omba.