Kocha Hatakuja Kiunga

Nianze na kosa langu. Miezi michache nyuma nilirusha klipu hapa, nimesimama ufuoni Mombasa, upepo unapiga shati, nikasema: "Kama una kipaji, kazana na kipaji. Wakikuona tu, umetoka." Mliipenda, wallahi. Mioyo kibao chini. Nikalala nikijiona mwalimu.

Mtu mmoja aliichukua neno kwa neno, mtoto wa khalati yangu. Yuko kidato cha tatu, kwetu Kiunga, kule juu kabisa mpakani na Somalia. Anakimbia kama amefukuzwa, na akizama kutafuta kamba wa baharini mpaka wewe uliye juu mashuani unaanza kuingiwa na hofu. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, muhula huu ukiisha naacha shule. Naingia kwa kamba msimu wa kaskazi, nikipata hela nakuja Mombasa nionekane. Wewe mwenyewe ulisema."

Chini yake alikuwa amenitumia video. Kijana wa Marekani amevaa kofia ya Harvard, mama yake analia, keki iko mezani. Kachukuliwa na Harvard kwa ajili ya besiboli, ule mchezo wa kirungu na mpira mdogo. "Unaona? Huyu kapata Harvard kwa kurusha mpira tu."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia "soma kwanza", kama wazee wanavyotuambia, halafu nikaona aibu kwa sababu hata mimi jibu hilo halikuwahi kunisaidia. Basi nikakaa usiku tatu nikitafuta huyo kijana wa keki alifikaje pale. Nilichokipata kimenivunjia klipu yangu yote.

Kwanza, Harvard haikumpa hata senti moja kwa ajili ya mpira. Vile vyuo 8 vya Ivy League vyote vina timu ya besiboli, na vyote havitoi ufadhili wa michezo. MIT pia haitoi. Pesa inayotolewa ni ya mahitaji: wanaangalia familia yako ina uwezo gani. Halafu vipo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo vinasoma ombi la mwanafunzi wa nje bila kujali kama ataweza kulipa. Ukichaguliwa, pengo wanaliziba wao. Hiyo pesa mtoto wa mvuvi anaruhusiwa kuiomba hata kama hajawahi kushika kirungu.

Pili, hakuna aliyemwona kijana yule kwa bahati. Yeye ndiye aliyeanza kuwaandikia makocha. Alienda kambi za kiangazi ambazo familia inalipa mamia ya dola ili mtoto apimwe mbele ya makocha: kasi ya kurusha kwa rada, mbio za yadi 60 kwa saa. Kila kitu namba. Na sheria za Division One zinasema kocha hawezi kuanza kuzungumza na mchezaji wa besiboli kabla ya tarehe 1 Agosti, kijana anapoingia mwaka wa tatu wa sekondari. Mwaka wa tatu, yaani alipo mtoto wa khalati sasa hivi, ndio mwaka ambao milango inafunguka. Yeye ndio anataka kutoka.

Tatu ndiyo iliyonimaliza. Kocha akikupenda, hakuchukui hapo hapo. Anachukua matokeo yako ya darasani na alama za SAT anapeleka ofisi ya udahili, wao wanasoma mapema kisha wanamwambia: huyu endelea naye, au huyu usipoteze muda. Kocha ana nafasi chache za kumtetea mtu, hawezi kuichoma moja kwa kijana ambaye karatasi zake zitarudishwa. Kwa MIT hata hiyo nafasi hana, anaandika tu neno la kuunga mkono na ofisi inaamua yenyewe.

Yaani mpira ulimsogeza mbele ya foleni, lakini foleni yenyewe ni ya waliofaulu.

Najua mtasema hayo ni mambo ya wazungu. Haya, twende Iten. Mwaka 2004, John Manners, mwandishi wa Marekani aliyewahi kukaa Kenya, na Mike Boit, yule aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Olimpiki ya Munich 1972 na baadaye akawa profesa, walianzisha mradi unaoitwa KenSAP. Wakachukua vijana wa Bonde la Ufa waliopata alama za juu kabisa KCSE, wengi wao wa familia zisizo na kitu, wakawahoji, kisha wakawapeleka uwanjani kukimbia mita 1500. Wengine hawakuwahi kushindana maishani mwao. Waliochaguliwa wakafundishwa SAT na kusaidiwa kuomba. Zaidi ya 100 wameshakwenda Harvard, Yale, Princeton na wenzao. Mmoja alikwenda Hamilton College, New York, akaja kuwa bingwa wa taifa wa daraja lake mbio za kuruka viunzi na maji.

Angalia mpangilio lakini. Kwanza KCSE, kisha ndio viatu. Klipu yangu ilikuwa imeshika kitabu kichwa chini.

Na hapa ndipo ninapopata hasira kidogo, mnivumilie. Iten walikuwa na mtu mwenye saa mkononi na anayejua mlango uko wapi. Kiunga nani anashika saa? Sisi tunaogelea kabla hatujajua kusoma, lakini kocha wa kuogelea anataka muda wa kidimbwi cha mita 25 au 50, na bahari haina kuta. Watoto wa Basuba, jirani zetu wa msitu wa Boni, shule zao zilifungwa muda mrefu kwa sababu ya usalama. Kumwambia mtoto kama huyo "wakikuona umetoka" ni kumcheka. Hakuna anayekuja kuona.

Basi nikampigia. Nikamwambia tujipime wenyewe. Akatafuta kamba, hii ya kufungia mashua, si ile ya kula, akakata mita 50. Maji yalipotoka, akapima ufuo kamba 15 na kuweka jiwe. Kwenda na kurudi mita 1500. Rafiki yake akashika simu.

Dakika 5 na sekunde 12. Peku, juu ya mchanga.

Alifurahi mpaka akaimba. Nikamwambia ukweli: kwa kocha wa chuo kikubwa muda huo haumfungulii mtu barua pepe. Kwa mtu ambaye hajawahi kufundishwa hata siku moja, ni mwanzo mzuri sana. Halafu nikamuuliza hisabati alipata ngapi muhula uliopita.

Kimya. Nasikia mawimbi tu.

"D plasi."

Hapo nikasikia khalati nyuma, kumbe simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa: "Mwambie huyo! Mimi nikisema naambiwa sijui dunia." Nikacheka, lakini roho iliniuma, maana yeye alikuwa akisema hivyo kabla sijarusha klipu yoyote, na mwanawe akanisikiliza mimi.

Sikumwahidi Harvard. Kutoka D plasi mpaka huko ni mbali, na kilo moja ya kamba inalipa leo, si baada ya miaka miwili. Tulichokubaliana ni hiki: bahari Jumamosi na Jumapili tu, shule haachi, na kila mwisho wa mwezi ananitumia namba mbili, muda wa ufuo na alama ya hisabati. Mimi kila Jumanne usiku namfundisha kwa simu, mtandao ukikubali, na mara nyingi haukubali.

Ile klipu nimeifuta. Kama uliihifadhi, ifute nawe.

Jana ameleta namba za mwezi wa kwanza. Ufuo: 5:09. Hisabati: C kasoro. Akaongeza: "Kaka, hiyo ya pili ndiyo imenitoa jasho."