Lisansi mbili, jina moja

Kila mwaka mtihani wa Leta ukiisha, wazazi wa Alunguli wananiuliza mtoto aende kusoma nini. Safari hii mama mmoja, ambaye binti yake anapenda sana mbio na mpira, aliniambia: «Mwalimu, nasikia kuna lisansi ya michezo ya siku chache tu. Niuze mbuzi?»

Nilimwomba angoje. Kwetu neno lisansi lina maana mbili, na zikichanganywa, mfuko wa mama ndio unaumia.

Lisansi ya kwanza ni ya universite. Zamani ilikuwa gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Kwa mpango wa LMD, lisansi ni miaka 3, masta miaka 2. Anayetaka kufundisha michezo shuleni anaweza kusoma elimu ya viungo kule UPN, Kinshasa. Anayetaka kuwa kinezi, yule anayesaidia mguu uliovunjika ao mtu aliyepooza kupata tena nguvu, anaweza kusoma katika kitivo cha utabibu cha Universite ya Kinshasa. Hiyo si kazi ya kukanda tu, ni kazi ya afya.

Lisansi ya pili ni ya CAF, ya antrenere wa mpira. Inaanza na D, inapanda C, B, A, mpaka Pro, na kwetu inapitia FECOFA. Si diploma ya universite, lakini ina uzito wake. Mwaka 2021 kocha wa Simba ya Dar es Salaam alizuiwa kuongoza timu katika mechi za CAF, kwa sababu cheti chake hakikufikia kile kinachotakiwa.

Basi mbele ya kulipa, tuulize mambo matatu. Nani anatia sahihi karatasi hii? Inafungua mlango gani: shule, hospitali ao uwanja? Ngazi inayofuata ni ipi? Asiyejibu wazi, tusimpe hata franka moja.

Wengine watasema michezo si kazi ya binti. Lakini OMS inataka watoto wa miaka 5 mpaka 17 wafanye mazoezi dakika 60 kila siku, na wasichana wetu ni watoto pia. Ni vizuri wamuone mwanamke akiwafundisha. Safari ya Kinshasa ni ya bei, kwa hiyo likelemba zetu zianze kuweka akiba mapema, si siku ile matokeo yanatoka.