Sgt. Pepper Njia ya Mwandoya

Kama wewe na mwenzi wako mmenuniana, msiahirishe safari. Sisi hatukuahirisha. Asubuhi ile tulitoka Bariadi kwenda ukweni kwangu Mwandoya, wilayani Meatu, kimya kimya. Nje mibuyu na mashamba ya pamba, ndani ya gari Sgt. Pepper ya Beatles. (Mume wangu na muziki wa kizee, basi tena!)

Nikaamua kuvunja ukimya kwa stori. Wazo la albamu hiyo ya 1967 lilianzia huku kwetu Afrika Mashariki. Novemba 1966 Paul McCartney, aliyekuwa amechoka kuwa Beatle, alikuja kupumzika Kenya. Akiwa kwenye ndege kutoka Nairobi kurudi London, akawaza: kwa nini tusirekodi kama bendi nyingine, yenye jina jingine, tuwe huru?

Mume wangu akapunguza sauti. "Na sisi tukifika tuwe watu wengine?"

Nikacheka bila kupenda.

Mama mkwe alitupokea kwa "Mwangaluka, wanangu" na sahani ya michembe na karanga. Deni la benki lililotugombanisha halikutajwa siku mbili nzima. Siku ya tatu, tukiwa njiani kurudi, nililitaja mimi mwenyewe. Safari hii alinisikiliza.