Njia za Tope za Msitu wa Pugu

Msafiri aondokaye katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Nyerere huupita uwanja wa ndege, akaivuka Gongo la Mboto yenye daladala na magenge ya matunda, kisha akafika Pugu, mahali ambapo wengi wetu tunapajua kwa jambo moja tu: mnada wa ng'ombe, hasa zinapokaribia siku za Iddi ya Kuchinja. Wachache huendelea mbele ya hapo. Lakini mtu akishaipita Kajiungeni, barabara huanza kupanda kuelekea Kisarawe, joto la mji hupungua, na kando yake husimama msitu mzito ambao watoto wengi wa Dar es Salaam wamezaliwa na kukua bila ya kuuona, ilhali upo umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Kariakoo.

Huo ndio msitu wa Pugu, ambao pamoja na jirani yake wa Kazimzumbwi sasa ni hifadhi moja ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Vilima vyake si virefu. Kilele chake ni cha mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, urefu huo mdogo unatosha kuzuia mawingu yatokayo Bahari ya Hindi, na ndiyo sababu msitu umedumu hapo kwa zama nyingi. Wataalamu huuhesabu miongoni mwa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo ni mabaki ya msitu mkubwa wa kale, yenye mimea na viumbe visivyopatikana kwingineko duniani. Ndani yake imo mikongo na mivule iliyonusurika na misumeno, wamo kima na ngedere, hondohondo wenye kelele, na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye hukimbia juu ya majani makavu kama aliyetumwa.

Mimi huenda huko kufanya mazoezi ya mbio ndefu. Mbio za Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na anayekusudia kukimbia kilomita 42 na ushei hana budi kuanza kuzoeza miguu miezi mitatu au minne kabla. Hesabu hiyo humwangusha mkimbiaji wa Dar es Salaam katikati ya mvua za vuli. Barabara za lami wakati huo zina madimbwi na magari yasiyomjali mtembea kwa miguu. Msitu una tope tu, na tope halimgongi mtu.

Tope la aina tatu

Jumamosi moja ya Desemba, baada ya Swala ya Alfajiri na safari ya daladala mbili, nilianza mbio saa 12 na nusu asubuhi. Nilikuwa nimelipa kiingilio, na nimemweleza askari wa misitu njia nitakayoishika na saa nitakayorejea. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Matone yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye majani, kiasi kwamba mtu hakuweza kujua kama mvua imekwisha au inaendelea.

Anayelitazama tope kwa mbali huliona ni kitu kimoja. Anayelikimbilia kwa saa nne hutambua kuwa yapo matope. La kwanza ni la mchanga mwekundu wa njia pana: hili ni jepesi, huuacha mguu utoke, na humruhusu mtu kushika mwendo wake wa kawaida. La pili ni jeusi la mabondeni, palipooza majani ya miaka mingi. Hili hunyonya, mkimbiaji asiyekaza kamba za viatu hutoka na soksi. La tatu ndilo linaloipa Pugu sifa yake, nalo ni tope jeupe la kaolini. Vilima hivi vina hazina kubwa ya udongo huo, ambao hutumika katika kutengeneza vyombo vya kauri, rangi na karatasi. Ukilowa, huwa mtelezo kama sabuni. Mteremko wa hatua hamsini uliopakwa udongo huo humchukua mtu muda sawa na nusu kilomita ya lami.

Hapo kasi haina maana. Hatua hufupishwa, magoti hulegezwa kidogo, mikono hutanuliwa kama ya mtoto anayejifunza kutembea, na jicho hutangulia mbele mita tatu au nne kuchagua pa kukanyaga. Mzizi uliolowa huepukwa kuliko dimbwi, kwani dimbwi huchafua kiatu tu, bali mzizi huvunja mfundo wa mguu. Na dimbwi lenyewe ni bora kulipita katikati. Kila anayekwepa pembeni hupanua njia, hukanyaga miche michanga, na mvua ifuatayo hupata mfereji mpya wa kubeba udongo.

Nilipita karibu na mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini, ambayo sasa ni makazi ya popo wasio na idadi. Wageni huyaita mapango, ingawa yalichimbwa na mikono ya watu. Wakati wa Magharibi popo hao hutoka kwa pamoja na kulitia giza anga. Asubuhi ile kulikuwa na harufu yao tu, na maji meupe kama maziwa yakitiririka kando ya njia.

Mto unaozaliwa kimya

Baada ya kilomita 17 hivi nilitokea ukingoni mwa msitu, kwenye mashamba ya mihogo na minazi. Mzee mmoja wa Kizaramo alikuwa amesimama na jembe begani, akiutazama mfereji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani anakukimbiza?"

Nilimjibu kuwa ni mazoezi. Akacheka, kisha akanionyesha maji yaliyokuwa yakipita miguuni pake, mekundu kama chai ya rangi. "Zamani mvua kama ya jana maji yalishuka hapa unaona mchanga chini. Yakija hivi, sisi twajua: huko juu kuna mtu kafyeka."

Maneno hayo yalinifuata kilomita zote zilizobaki, kwa sababu maji hayo nayafahamu yanakokwenda. Mto Msimbazi chimbuko lake ni vilima hivi vya Pugu na Kisarawe. Hushuka hadi Vingunguti na Tabata, hupokea vijito vingine njiani, hupita Kigogo na Jangwani, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Salender. Huo ndio mto uliofurika Desemba 2011, watu wakafariki, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Ndio unaoizamisha Jangwani mara kwa mara, hata magari ya mwendokasi yakasimama.

Katika kazi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti nimeandika kwa mkono wangu majina ya waliopoteza magodoro, vyerehani na madaftari ya watoto baada ya mafuriko. Nimeshuhudia mazulia yakitolewa msikitini na tope likikombwa kwa makoleo hadi karibu na mihrabu. Mara zote tulilalamikia mitaro iliyoziba na nyumba zilizojengwa bondeni, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini sehemu ya tope lile ilikuwa udongo wa mlimani, uliokosa mizizi ya kuushika. Na miti hiyo haikukatwa ili ibaki Kisarawe. Iligeuzwa mkaa, ikapakiwa katika magunia, ikashuka mjini kwa pikipiki na malori, ikaishia katika majiko yetu. Gunia la mkaa na tope la mafuriko hushuka kutoka mlima mmoja na kufika nyumba moja. Suala hili, kwa hiyo, ni la jikoni kabla halijawa la serikali: familia inayoweza kuhamia gesi, hata kwa nusu ya mapishi yake, imewapunguzia mzigo majirani wa bondeni isiowajua.

Nilimaliza kilomita 26 kwa saa 3 na dakika 50, mwendo ambao barabarani ungenitia aibu. Askari wa misitu aliitazama saa yake, akaridhika, akanielekeza kwenye bomba la kunawia.

Kwa atakayekwenda

Kukimbia peke yako msituni kunataka mtu anayeijua njia, aliyeaga, na mwenye simu iliyojaa chaji. Mafundisho yetu hayapendezewi na msafiri kuwa peke yake pasipo haja, na vijana waanze kwa makundi. Kwa familia, matembezi ya saa mbili na mwongozaji yanatosha. Watoto watamaliza wakiwa na njaa na maswali mengi. Chukueni maji, tende na viazi vya kuchemsha, vaeni viatu vyenye meno, suruali ndefu na nguo za kubadili, na kila mfuko mlioingia nao utoke nanyi.

Wapo walioniuliza kuhusu kuswali na nguo yenye tope. Asili ya udongo ni tohara, na hata tope la njia za mjini lisiloepukika wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamelisamehe kwa kiasi. Wasiwasi huo usimzuie mtu. Miezi ya Novemba na Desemba ndiyo mizuri kwa anayetaka kuuona msitu ukiwa umeshiba maji. Asiyependa tope aende Julai. Basi za Kisarawe hupatikana Gongo la Mboto tangu alfajiri.