Mgeni katika Pwani ya Walummi

Safari yetu ya juma hili yatupeleka mbali, hata kaskazini-magharibi ya Marekani, katika jimbo la Washington. Huko wakaa Walummi, watu wa bahari tangu enzi za mababu. Maji yakupwapo, tope la Lummi Bay huonekana wazi, nao watu hushuka kuchimba kome. Pwani hapo wana bwawa kubwa la maji ya chumvi, ambamo hufuga kome, chaza na samaki.

Mwaka 2021 walitoa katika bwawa hilo kaa zaidi ya 70,000, wala hawakuwa kaa wa nchi ile. Asili yao ni pwani za Ulaya na Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1989 walionekana katika ghuba ya San Francisco. Kisha watoto wao, wadogo kama chembe, wakachukuliwa na mikondo ya bahari mpaka kaskazini. Jike mmoja aweza kutaga mayai hata 185,000 kwa mara moja. Kaa hao hula kome wachanga, na wakichimba tope hung’oa majani ya bahari ambamo samaki wadogo hujificha. Ndiyo kusema, ghala na kitalu vyaharibika pamoja.

Je, tutamtambuaje mgeni huyo? Watu humwita kaa wa kijani, lakini rangi yadanganya: mara huwa mwekundu, mara manjano, na kaa wengine wa huko ni wa kijani vilevile. Basi tutazame gamba. Kutoka kila jicho kwenda ubavuni kuna meno matano. Katikati ya macho mna vinundu vitatu. Upana wa gamba ni kama sentimita 10 tu, hata akiisha kukomaa.

Pengine msomaji atasema: “Nikimwona, nitamponda kwa jiwe.” La, wakubwa wa jimbo hawataki hivyo. Mara nyingi watu wameua kaa wenyeji wasio na kosa. Mpita njia ampige picha, amwache palepale, kisha apeleke habari upesi. Ndipo wenye kazi hiyo waje na mitego na chambo, wawatoe na kuwahesabu. Mwezi wa Januari 2022 gavana Jay Inslee alitangaza hali ya hatari, ili fedha na watu vipatikane. Hawatumaini kuwamaliza wote. Wataka wapungue, kome wapate kukua.

Nasi tusiwacheke. Katika miaka ya 1950 gugu-maji lilienea katika mto Kongo, likaziba njia za mitumbwi na meli. Na ua lake lilikuwa zuri machoni. Mgeni wa namna hiyo hushindwa angali mchache. Kwa hiyo yafaa tuwajue vema viumbe wa maji yetu, samaki, kaa na majani, ili asiye wa kwetu ajulikane siku ya kwanza.